Madini Yasiyoshindwa na Moto

Tangu kale mhunzi ameujua ukweli mmoja juu ya chuma: kikitiwa motoni hulegea. Yeye huvuta mivukuto yake, hungoja mpaka chuma kiwe chekundu kama kaa la moto, kisha hukishika kwa koleo, hukiweka juu ya fuawe na kukipiga nyundo mpaka kiwe jembe, shoka au mkuki. Kama chuma kisingelegea motoni, kazi ya uhunzi isingewezekana, wala wakulima wasingepata majembe. Kwa mhunzi, basi, kulegea kwa chuma ni baraka.

Lakini iko mitambo mingi ambayo kulegea huko ni maangamizi kwake. Fikiri vali ya kutolea moshi katika injini ya lori lililojaa mizigo, linapopanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Limuru. Vali hiyo hupitiwa na moshi wa moto mara nyingi kila sekunde, na joto lake huweza kufika digrii 700 za Sentigredi au kupita. Fikiri pia waya ulio ndani ya pasi ya umeme, au gurudumu lizungukalo katikati ya moto ndani ya injini ya jeti. Vyuma hivyo havikuwekwa motoni ili vifuliwe. Vimewekwa humo vifanye kazi, na vikilegea mara moja tu, mashine huharibika, na pengine watu hufa.

Je, mafundi walipataje madini ya kustahimili moto wa namna hiyo? Jambo hilo ndilo tutakalolieleza hapa.

MAADUI WATATU

Watu wengi hudhani kwamba moto haudhuru chuma mpaka kiyeyuke. Sivyo. Chuma huyeyuka kwenye digrii 1,538, lakini chuma cha pua cha kawaida, kile kinachotumiwa kujengea madaraja na maghorofa, kikifika karibu na digrii 600 hubaki na nusu tu ya nguvu zake. Ndiyo sababu ghala kubwa likishikwa na moto, boriti zake za chuma hupinda na paa likaanguka, ingawa hakuna hata tone moja la chuma lililoyeyuka.

Kwa kweli chuma kilicho katika joto kali hupigana na maadui watatu.

Adui wa kwanza ni kunyooka polepole. Ukitundika mzigo kwenye fimbo ya chuma iliyo baridi, fimbo hiyo hubaki vile vile mwaka hata mwaka. Ukitundika mzigo ule ule kwenye fimbo iliyo katika joto kali, fimbo hurefuka kidogo kidogo, unene wa unywele leo, unywele mwingine kesho, hata siku moja ikakatika. Aitazamaye kwa macho haoni kitu, wala mzigo haukuongezwa. Wazee wetu walisema kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali, na ndivyo adui huyu afanyavyo kazi yake.

Adui wa pili ni kuungua. Hewa tunayovuta ina oksijeni, na oksijeni hupenda kushikamana na chuma. Chuma kikiwa baridi na chenye unyevu, tunaona kutu. Kikiwa chekundu kwa moto, mambo huenda haraka zaidi. Mhunzi huyajua magamba meusi yanayoanguka chini kila apigapo chuma cha moto. Magamba hayo ni chuma kilichokwisha kuliwa na hewa. Chombo chembamba kikiachwa katika hali hiyo kwa siku kadhaa, kitageuka magamba matupu.

Adui wa tatu ni joto na baridi zinapopokezana. Madini yakipata joto hutanuka, na yakipoa hunywea. Kila mama ajua kwamba chungu kikitoka motoni na kumwagiwa maji ya baridi kitapasuka. Chuma hakipasuki upesi namna hiyo, lakini kikitanuka na kunywea mara elfu nyingi, ufa mdogo hutokea, nao huendelea kukua kila siku mtambo unapowashwa na kuzimwa.

Kwa hiyo madini ya kukaa motoni yanatakiwa yawe na sifa tatu pamoja: yasinyooke, yasiungue, wala yasipasuke. Hakuna madini hata moja yaliyo peke yake yenye sifa hizo zote kwa bei ambayo watu wanaweza kulipa. Tangsteni, kwa mfano, haiyeyuki mpaka ifike digrii 3,422, lakini katika hewa huungua mapema sana, tena ni nzito mno. Alumini haishiki kutu kama chuma, lakini huyeyuka kwenye digrii 660 tu.

NGUVU ZA MCHANGANYIKO

Njia iliyobaki ni kuchanganya. Jambo hili si geni kwetu. Shaba nyekundu ni laini, lakini ikiyeyushwa pamoja na zinki hupatikana shaba ya manjano, ile iliyofuliwa kuwa masinia, na misumari inayopamba makasha ya zamani huko pwani. Mchanganyiko wa madini wa namna hiyo huitwa aloi. Ajabu ya aloi ni kwamba tabia yake si wastani tu wa tabia za wazazi wake. Mara nyingi mtoto huwapita wote wawili.

Mwaka 1906 Mmarekani mmoja, Bwana Albert Marsh, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake wa aloi ya nikeli na kromi. Katika kila sehemu 100 za aloi yake bora, nikeli ilikuwa sehemu 80 na kromi sehemu 20. Kabla ya hapo watu walikwisha jua kwamba waya ukipitishwa umeme hupata moto, lakini nyaya walizokuwa nazo ziliungua na kukatika baada ya muda mfupi, hata vyombo vya umeme vya kupasha moto havikuwa na faida. Waya wa Bwana Marsh uliweza kuwa mwekundu siku baada ya siku bila kuharibika. Tangu hapo zikapatikana pasi za umeme, majiko ya umeme na vyombo vya kuchomea mkate. Mpaka leo, ukilitazama jiko la umeme lenye waya uliosokotwa kama kamba, waya huo huenda ukawa ni wa ukoo ule ule wa nikeli na kromi.

Siri yake ni nini? Siri ni ngozi. Kromi nayo hushikamana na oksijeni, tena upesi kuliko chuma. Lakini tofauti iko hapa: kutu ya chuma ina matundu na hubanduka, hivyo hewa hupenya na kula chuma kilichoko chini yake. Kromi ikishikamana na oksijeni huwa ngozi nyembamba sana, ngumu, isiyo na matundu, iliyoganda juu ya aloi. Hewa haipiti. Na ngozi hiyo ikikwaruzwa, kromi iliyo chini hushikamana na oksijeni mara moja na kuziba jeraha, mfano wa ngozi ya mwanadamu inavyopona. Hivyo adui wa pili, yaani kuungua, hushindwa kwa kutumia silaha yake mwenyewe.

Mwaka 1913, katika mji wa Sheffield huko Uingereza, Bwana Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha pua cha kutengenezea mitutu ya bunduki ambacho hakitaliwa na gesi ya moto ya baruti. Alitia kromi nyingi katika chuma hicho, akaona kwamba hakiliwi hata na asidi. Hicho ndicho chanzo cha visu na vijiko visivyoshika kutu. Basi, kisu king'aacho mezani na waya uwakao ndani ya jiko ni ndugu, na ngozi ya kromi ndiyo inayovilinda vyote viwili.

GURUDUMU LILILO KATIKATI YA MOTO

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja na injini ya jeti. Injini hiyo hufanya kazi hivi: hewa huingizwa kwa mbele na kukandamizwa kwa nguvu, kisha mafuta ambayo ni ya jamii moja na mafuta ya taa humwagwa ndani ya hewa hiyo na kuchomwa, gesi ya moto hufura na kukimbilia nyuma. Njiani gesi hiyo huligonga gurudumu lenye vipande bapa vingi pembeni, nalo huzunguka kwa kasi. Gurudumu hilo huitwa tabini, na vipande vyake tutaviita mabapa. Tabini ndiyo inayozungusha mtambo wa mbele wa kukandamiza hewa. Gesi inayosalia hutoka nyuma kwa kishindo na kuisukuma eropleni mbele.

Mwingereza Frank Whittle, aliyekuwa ofisa wa jeshi la anga, aliomba hati ya uvumbuzi wa injini hiyo mwaka 1930. Injini yake ya kwanza iliwashwa tarehe 12 Aprili 1937, na tarehe 15 Mei 1941 eropleni ndogo yenye injini yake ilipaa kutoka Cranwell ikaruka kwa dakika 17. Fikra ya injini hiyo ilikuwa nyepesi kuelezwa. Iliyokuwa ngumu ni kupata madini. Gurudumu la injini ya Whittle lilizunguka zaidi ya mara 16,000 kwa dakika. Jiwe likizungushwa katika kombeo huvuta kamba. Ndivyo kila bapa linavyovuta ili lichomoke, huku likiwa jekundu kwa moto. Maadui wote watatu wamekutana mahali pamoja. Vyuma bora vya wakati ule vilinyooka au vilikatika.

Jawabu lilipatikana katika kiwanda cha Henry Wiggin mjini Birmingham, mwanzoni mwa miaka ya 1940. Wataalamu wa huko hawakuanza upya. Walichukua aloi ile ile ya waya wa jiko, nikeli 80 na kromi 20, ambayo haiungui, wakaitia titani na alumini kidogo. Aloi hiyo mpya waliiita Nimonic 80. Ilistahimili mzigo mzito katika joto kwa muda mrefu kupita aloi zilizotangulia, ikawa ndiyo ya kutengenezea mabapa ya injini za Kiingereza.

Upande wa pili wa vita, Wajerumani nao walikuwa na injini ya jeti iitwayo Jumo 004, iliyotumiwa katika eropleni za vita za mwaka 1944. Injini hiyo ilibuniwa kwa ustadi mkubwa. Lakini Ujerumani ilikuwa na upungufu mkubwa wa nikeli na kromi, kwa hiyo mafundi walilazimika kutumia chuma cha kawaida kilichopakwa alumini mahali pa kuchomea mafuta, na mabapa yenye uwazi ndani ili yapozwe kwa hewa. Injini hizo zilidumu saa 10 hadi 25 tu, kisha zilihitaji kufunguliwa au kutupwa. Mambo haya yanafundisha kwamba akili ya fundi bila madini yafaayo haifiki mbali.

KINACHOFANYIKA NDANI YA MADINI

Msomaji atauliza: titani na alumini kidogo zilifanya nini? Kwa nini alumini, ambayo huyeyuka upesi, izidishe nguvu motoni?

Madini yote yamejengwa kwa chembe ndogo sana zilizopangwa kwa safu, kama askari wa gwaride. Madini yanaponyooka, safu moja huteleza juu ya nyingine. Joto likizidi, chembe hutikisika zaidi na safu huteleza kwa urahisi. Sasa, alumini na titani zikiwekwa ndani ya nikeli, kisha aloi ikapashwa moto na kupozwa kwa kipimo maalumu, hutokea ndani yake punje ndogo mno, zisizoweza kuonekana kwa macho, ambamo nikeli na alumini zimeshikamana kwa mpango wake. Punje hizo hutapakaa kila mahali, mfano wa mawe yaliyopachikwa katika ukuta wa udongo. Safu inapotaka kuteleza, hukutana na punje na kuzuiwa.

Tena punje hizi zina tabia ya ajabu. Madini mengine hupungua nguvu kadiri joto linavyopanda. Punje hizi, kinyume chake, huongezeka nguvu mpaka karibu na digrii 800. Katika aloi za siku hizi punje hizo ni zaidi ya nusu ya ukubwa wote wa bapa. Hapo ndipo adui wa kwanza, yule wa chovya chovya, alipozuiwa.

Afrika ya Mashariki iliyaona matunda ya kazi hiyo mapema. Tarehe 2 Mei 1952 eropleni ya Comet, yenye injini nne za jeti, iliondoka London kwenda Johannesburg ikiwa na abiria 36. Hiyo ilikuwa safari ya kwanza duniani ya kuchukua abiria wa kulipa nauli kwa eropleni ya jeti kwa ratiba ya kawaida. Ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika katika muda usiotimia saa 24. Mwaka 1954 eropleni hizo zilizuiwa kuruka baada ya ajali zilizoua watu wengi. Uchunguzi ulionyesha kwamba kosa halikuwa katika injini, bali bati la mwili wa eropleni lilichoka na kupasuka kwa kujazwa hewa na kupunguzwa mara nyingi. Hivyo mabapa yaliyokaa motoni yalisalimika, na bati lililokaa katika baridi ya angani ndilo lililokatika. Tangu siku hizo wahandisi hujihadhari na nyufa ndogo mahali popote, penye moto na pasipo na moto.

BAPA LA FUWELE MOJA

Madini ya kawaida si kipande kimoja kwa ndani. Ni mkusanyiko wa fuwele nyingi zilizobanana, kama mawe ya ukuta. Katika joto kali, mapengo kati ya fuwele ndiyo yanayoachana kwanza, kama vile ukuta unavyobomoka kwenye udongo ulioshikamanisha mawe, wala si kwenye mawe yenyewe. Wahandisi wa Marekani wakawaza: je, kama ukuta mzima ungekuwa jiwe moja?

Jambo hilo hufanywa hivi. Kwanza hutengenezwa mfano wa bapa kwa nta. Nta hupakwa tabaka nyingi za udongo maalumu, kisha huyeyushwa na kumwagwa, na ganda tupu hubaki. Madini yaliyoyeyuka humiminwa ndani ya ganda hilo likiwa katika tanuri, halafu ganda huteremshwa polepole sana kutoka katika tanuri, ili madini yaanze kuganda chini na kuendelea juu. Chini ya ganda pana njia nyembamba iliyopindapinda kama konokono. Fuwele nyingi huanza safari, lakini moja tu ndiyo inayoweza kupita, nayo hukua mpaka kulijaza ganda lote. Mabapa ya fuwele moja yalianza kutumiwa katika injini za eropleni za abiria mwaka 1982.

Hata hivyo, katika injini kubwa za leo gesi huweza kupita digrii 1,500, yaani zaidi ya joto linaloyeyusha bapa lenyewe. Basi mbona bapa haliyeyuki? Ndani ya bapa mmetobolewa njia za hewa, na juu yake pana vitundu vidogo. Hewa iliyokandamizwa hupitishwa humo na kutoka kama utando unaolifunika bapa. Hewa hiyo huitwa ya kupoza, ingawa yenyewe ina joto la mamia ya digrii. Juu ya hayo, bapa hupakwa tabaka nyembamba la udongo wa zirkonia, unaozuia joto lisipenye upesi. Bapa moja lenye uzito usiofika nusu kilo huvutwa na nguvu iliyo sawa na uzito wa zaidi ya tani 10, nalo hutazamiwa kudumu maelfu ya saa. Kila abiria apandaye eropleni ya jeti Nairobi, Mombasa au Kisumu ameweka maisha yake juu ya mabapa hayo, ajue asijue.

KAZI NYINGINE ZA ALOI HIZI

Aloi hizi hazikai angani tu. Mitambo ya tabini ya gesi hutumiwa pia kuleta umeme. Tangu mwaka 2004 gesi iliyochimbwa katika kisiwa cha Songo Songo, Tanzania, imepelekwa kwa bomba mpaka Dar es Salaam kuzungusha mitambo ya namna hiyo, na taa za nyumbani huwaka kwa nguvu ya magurudumu yaliyo ndugu wa yale ya eropleni.

Katika viwanda vya saruji, kama kile cha Bamburi karibu na Mombasa kilichoanza kutengeneza saruji mwaka 1954, chokaa na udongo huchomwa katika tanuri ndefu inayozunguka, mpaka karibu digrii 1,450. Tanuri hizo hujengwa ndani kwa matofali ya kustahimili moto, lakini mlangoni na mahali pa kupozea hutakiwa vyuma vyenye kromi na nikeli nyingi, mara nyingine kromi 25 na nikeli 20 katika kila 100. Kadhalika mabomba ya tanuri za kusafishia mafuta, na trei za kuchukulia vyuma vinavyotiwa ugumu viwandani, hufanywa kwa aloi za namna hii.

Karibu zaidi na msomaji ni vali ya injini ya dizeli. Vali ya kuingiza hewa hupoa kwa hewa hiyo, lakini vali ya kutolea moshi haina nafuu. Kwa hiyo hutengenezwa kwa chuma chenye kromi nyingi, na katika injini nyingi za kazi nzito ukingo wake huongezewa aloi ya kobalti na kromi. Aloi ya namna hiyo ilibuniwa na Mmarekani Elwood Haynes, aliyepewa hati mwaka 1907, naye aliiita Stellite. Vile vile katika malori yenye turbo, gurudumu dogo linalosukumwa na moshi hutengenezwa kwa aloi ya nikeli.

KOBALTI YA KATANGA

Aloi nyingi za moto huhitaji kobalti, na hapo habari yetu inarudi Afrika. Zaidi ya nusu ya kobalti yote inayochimbwa duniani hutoka Kongo, katika nchi ya Katanga, kwenye miji ya Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, ambako Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya machimboni. Kobalti hupatikana humo pamoja na shaba.

Mwaka 1978 vita vilizuka Kolwezi, na machimbo yakasimama kwa muda. Bei ya kobalti ikapanda mara kadhaa, na watengenezaji wa injini katika Marekani na Ulaya wakaingiwa na hofu. Wahandisi wao wakaanza kutafuta kwa bidii aloi zenye kobalti kidogo, au zisizo nayo kabisa. Hivyo vita vya mji mmoja wa Afrika vilibadili vipimo vya aloi katika viwanda vya mbali. Siku hizi kobalti iliyo nyingi hutumiwa katika betri, lakini injini za jeti bado zinaihitaji.

Wako watu wachimbao kobalti kwa mikono, kwa sururu na chepeo, ndani ya mashimo yasiyo na nguzo. Mashimo hayo yamebomoka mara nyingi na kuua wachimbaji, na watoto wameonekana wakifanya kazi humo. Ulimwengu unaojua kupima bapa la injini mpaka unene wa unywele hauwezi kusema kwamba haujui kupima usalama wa shimo. Majirani zetu nao wana hazina hiyo: Uganda ilipata kobalti kutoka katika masalio ya machimbo ya shaba ya Kilembe kuanzia mwaka 1999, na Tanzania ina nikeli nyingi pamoja na kobalti huko Kabanga, wilayani Ngara.

SHAURI KWA WENYE MASHINE

Mwenye lori, trekta au kinu cha kusagia mahindi ana mambo matatu ya kukumbuka.

Kwanza, vali ya kutolea moshi ikiharibika, usikubali kuwekewa ya kuingizia hewa, wala iliyochongwa kwa chuma cha kawaida, hata kama imekaa vizuri mahali pake. Kwa macho zinafanana, na bei ni nafuu, lakini ndani yake hamna aloi ya kustahimili moto. Itaungua ukingo, na kichwa chake kikikatika kitaanguka ndani ya silinda na kuharibu injini nzima.

Pili, usidanganywe na sumaku. Watu husema chuma kisichovutwa na sumaku ndicho bora. Ni kweli kwamba aloi nyingi zenye nikeli nyingi na kromi hazivutwi, lakini vali nyingine nzuri huvutwa, na sumaku haiwezi kukuambia kama chuma kitastahimili joto. Nunua kwa muuzaji unayemjua, na ulinganishe namba ya kipuri.

Tatu, usiitwishe injini mzigo kupita kiasi, na usiizime ghafula baada ya kazi nzito, hasa yenye turbo. Iache izunguke polepole kwa dakika chache ipoe taratibu. Hata aloi iliyo bora kupita zote haikuumbwa ishinde moto milele. Imeumbwa istahimili kwa kipimo fulani na kwa muda fulani, na mwenye mashine asiyekiheshimu kipimo hicho ataulipa mwenyewe.